Ripoti ya jaribio kwa Kiswahili: badala ya "tumeona" na "tumegundua" niandike nini?

Mwanachuo_Tbr

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Niko Tabora mjini, nasoma ualimu wa msingi mwaka wa pili na huku ripoti za majaribio ya sayansi tunaandika kwa Kiswahili kwasababu ndo lugha tutakayoenda kufundishia. Sasa shida yangu ni vitenzi. Ripoti ya kwanza niliandika hivi: "Tulichukua muhogo tukauweka iodini tukaona umekuwa mweusi, kwahiyo tumegundua muhogo una wanga." Ikarudi na duara nyekundu kwenye kila kitenzi na pembeni imeandikwa ANDIKA KISAYANSI basi, hakuna maelezo mengine.

Nikasema labda anataka ile ya kutendwa, nikabadilisha zote: "Muhogo ulichukuliwa, ukawekwa iodini, ukaonwa kuwa mweusi, hali iliyopelekea kugundulika kwa wanga." Ikarudi tena! Nimefungua kamusi nakutana na kubaini, kubainisha, kudhihirisha, kuthibitisha, kuashiria, kudokeza, kuhitimisha, zote zinaonekana nzito na nzuri ila sijui ipi inakaa wapi.

Halafu kuna la pili linanisumbua zaidi. Jaribio la kuchemsha maji, kipimajoto chetu kiligoma kwenye 96, tumerudia mara tatu ni 96 tu. Wenzangu wa kikundi wakasema tuandike "jaribio limethibitisha kuwa maji huchemka kwenye nyuzi joto 100" kama ilivyo kitabuni ili tusikose maksi. Nimeandika lakini moyo haujatulia. Mwakani nitasimama mbele ya watoto wa darasa la tano huko Uyui na sitaki niwafundishe kitu ambacho mimi mwenyewe sijakielewa. Naombeni msaada kwa anayejua.

Mwl_Ujiji

Marahaba mwanangu. Mimi nafundisha Kiswahili Kigoma huku mwaka wa kumi na nane sasa, sayansi si fani yangu ila vitenzi navijua, na ulipokosea ni kudhani kwamba kitenzi cha kisayansi ni kitenzi kirefu au kizito. Hapana. Angalia kwanza nani katenda.

Kiswahili kina kitu kizuri sana hapa. Tuna kauli ya kutendwa na tuna kauli ya kutendeka, na kwenye ripoti ya jaribio hizi mbili zinagawana kazi vizuri kabisa. Maji YALICHEMSHWA maana yake kuna mtu aliyeyaweka motoni. Maji YALICHEMKA maana yake yenyewe yalifika hapo yakafanya hivyo. Chumvi iliyeyushwa, chumvi iliyeyuka. Dagaa walikaushwa, dagaa walikauka. Kwahiyo kwenye sehemu ya hatua, pale unapoeleza mikono yenu ilifanya nini, vitenzi vyako vitaishia na -wa: kilikatwa, yalimiminwa, ilipimwa, yalichujwa. Ukifika sehemu ya matokeo, kipande cha muhogo na maji na chumvi ndo vinatenda, hapo unaandika kiligeuka, yalichemka, iliyeyuka, yalituama, zilipanda. Mtu akisoma ripoti yako anajua bila kuuliza wapi ulifanya wewe na wapi kitu kilijifanya chenyewe. Jaribu kuandika "maji yalichemshwa kwenye nyuzi 96" uone inavyochanganya, ni kama nyie ndo mlichagua hiyo 96!

"Ukaonwa kuwa mweusi" sio mbaya kisarufi lakini hakuna Mswahili anayesema hivyo, sema "ulionekana", na hata hiyo mara nyingi haina kazi. Kama muhogo uligeuka mweusi andika uligeuka, msomaji anajua kwamba mliona kwa macho.

La mwisho na hili naomba ulishike, hiyo "iliyopelekea". Kupelekea ni kumfikishia mtu kitu, mpelekee bibi yako unga. Kusema joto limepelekea barafu kuyeyuka ni Kiingereza kimevaa kanzu. Tuna kusababisha, tuna kufanya, na mara nyingi kauli ya kutendesha yenyewe inatosha: joto liliyeyusha barafu. Maneno matatu yameisha. Nakutana na hii kupelekea kwenye taarifa za habari, kwenye barua za ofisi, kwenye insha za wanafunzi wangu kila wiki na inaniuma kwelikweli.

Wakati nao uangalie, ripoti inakaa kwenye -li- maana jaribio limeshapita, hiyo "tumegundua" yako iko kwenye -me- wakati sentensi nzima iko kwenye -li-. Na hu- iachie mambo yanayotokea siku zote, kama "iodini hugeuka bluu-nyeusi inapokutana na wanga".

MpimaAsali

Mwangaluka dada, mimi niko jirani yako tu, napima ubora wa asali kabla haijaingia sokoni. Nimesoma hii mada nikasema lazima niandike kwasababu kwetu kitenzi kimoja kinaweza kuharibu biashara ya mfugaji wa nyuki.

Kijana mmoja tuliyekuwa naye aliwahi kuandika kwenye fomu "asali ilichemshwa kisha ikachujwa". Hakuna aliyechemsha asali pale! Ilipashwa moto kidogo tu kwenye maji ya uvuguvugu ili iwe nyepesi ipite kwenye kitambaa. Lakini mnunuzi kasoma ilichemshwa akaanza kuuliza maswali na ana haki, asali ikichemshwa harufu inaondoka na ubora unashuka. Kupasha na kuchemsha ni vitu viwili. Hivyohivyo kukoroga sio kutikisa, kumimina sio kudondosha, na hii "kuweka" ndo mbaya kuliko zote maana haisemi chochote, uliweka iodini vipi, ulimwaga chupa nzima au matone matatu? Andika "matone matatu ya iodini yalidondoshwa", mtu mwingine akitaka kurudia jaribio lako anaweza.

Kingine ni kupima na kukadiria na kuonesha, watu wanavichanganya sana hivi. Unyevu wa asali, yaani maji yaliyomo, tunaupima kwa chombo kinaitwa rifraktomita, unadondosha tone moja unasoma namba, na ikizidi asilimia 20 ambayo ndo kikomo cha kimataifa kwa asali ya kawaida tunajua hiyo inaweza kuchacha. Hapo nina haki ya kuandika ULIPIMWA kwasababu kuna chombo na kuna namba. Wazee wetu wa kazi wanainamisha chupa wanaangalia kiputo cha hewa kinavyopanda wanakwambia hii ina maji mengi, na mara nyingi wanapatia, lakini kwenye karatasi hiyo ni ULIKADIRIWA. Na ukichovya karatasi ya litmasi ya bluu kwenye asali itageuka nyekundu maana asali ni asidi, hapo andika litmasi "ilionesha" asidi, usiandike "ilipima" asidi, litmasi haitoi namba, haikwambii kiwango cha asidi, yaani kama ni pH 4 au 5. Ukikokotoa kutoka namba nyingine andika ilikokotolewa. Ukikisia, bora usiandike kabisa urudi maabara.

Kibirizi_Maabara

Niko Kigoma, nashughulika na sampuli za maji ya ziwa. Mwalimu wangu wa Ujiji heshima yako, ila kwenye kutendwa nina neno kidogo. Ripoti yenye -wa mwanzo mwisho inachosha, na siku hizi hata majarida makubwa ya sayansi ya nje yanapokea "tulipima" bila shida, tena mengine yanapendelea hivyo kwasababu inajulikana nani kafanya. Mimi nikiandika "tulichota maji mita 5 kutoka juu" sioni kosa. Kama mkufunzi wako anataka kutendwa mpe kutendwa, usigombane naye, ila usiamini kwamba kutendwa ndo sayansi yenyewe.

Mdogo wangu, nilichotaka kuongelea hasa ni hiyo 96 yako kwasababu imenigusa.

Hiyo 96 ni SAHIHI. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari. Tabora iko juu, mita kama 1,200 hivi, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo kwahiyo maji hayahitaji joto lote lile ili yachemke. Huku kwetu ufukweni tuko kwenye mita 770 na kitu, inakuja 97 na ushee. Kipimajoto chenu kizima kabisa, mmerudia mara tatu kimewapa jibu lilelile, halafu mkaandika mmethibitisha 100! Hapo kitenzi ndo kimewaponza. Mngekaa na sentensi nyepesi tu, "maji yalichemka kwenye nyuzi joto 96 katika majaribio yote matatu", msingepata hata nafasi ya kudanganya, na chini yake mngeandika "tofauti hii na nyuzi 100 HUENDA IMESABABISHWA na mwinuko wa eneo". Nenda kaiandike upya hiyo, hata kama maksi zimeshatoka, mwambie mkufunzi ukweli.

Vile vitenzi vyako vya kamusi mimi navipanga kwa uzito wa ushahidi. Kudokeza ni chepesi, una kidalili tu. Kuashiria kizito kidogo, kuonesha kina namba nyuma yake. Kuthibitisha ni kizito sana, mimi nakitumia pale tu kuna jaribio maalum la kuhakiki na limerudiwa. Nikipima pH ya maji ya juu ya Ziwa Tanganyika nikapata 9 au karibu yake, siandiki nimethibitisha ziwa zima lina pH 9, naandika sampuli hizi zilionesha pH ya 9, basi. Chupa sita hazisemi habari za ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Na kugundua ni kufikia jambo ambalo halikujulikana. Wanga kwenye muhogo umejulikana zamani, nyie MLIBAINI kwamba upo kwenye kile kipande chenu.

Niongeze kimoja kwasababu Gombe, ile hifadhi ya sokwe, iko hapo juu tu kwa boti. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipoanza kazi pale 1960 na baadaye kuandika makala yake ya kwanza ya kisayansi, ilirudi wahariri wamefuta viwakilishi vya mtu (he, she) alivyowapa sokwe wakaweka vya kitu (it), na yeye akagoma akavirudisha. Kwa Kiswahili ugomvi huo usingekuwepo, sokwe alikula, dagaa alikufa, nyuki alitua, wote ni a- na wa-. Kwahiyo ukiandika ripoti ya mnyama usije ukajidai kisayansi ukaandika "sokwe ilikula".

Mwanachuo_Tbr

Jamani asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Kaka wa Kibirizi ile ya 96 nimewaonesha wenzangu wa kikundi wote wamenyamaza, kesho tunaenda kwa mkufunzi pamoja. Nimejaribu kuandika upya ya muhogo, naombeni mnikosoe:

"Kipande cha muhogo chenye unene wa sentimita 1 kilikatwa na kuoshwa kwa maji safi. Matone matatu ya iodini yalidondoshwa juu yake. Baada ya dakika moja sehemu iliyopata iodini iligeuka kutoka rangi ya muhogo na kuwa bluu-nyeusi. Kipande cha pili kilichodondoshewa maji matupu hakikubadilika rangi. Matokeo haya yalithibitisha kuwa muhogo una wanga."

Na swali dogo, kwenye ile ya chumvi nikiandika iliyeyuka si itafanana na barafu iliyeyuka?

Mwl_Ujiji

Nzuri sana, na hicho kipande cha pili cha maji matupu umefanya jambo la maana hata kama hukuambiwa. "Kutoka rangi ya muhogo" sema kutoka nyeupe, imetosha. Hiyo yalithibitisha mwachie Kibirizi aamue.

Swali la chumvi ni zuri. Kweli kuyeyuka tunakitumia kote kuwili, barafu inayeyuka kwa joto na chumvi inayeyuka kwenye maji, na wapo wanaotenganisha kwa kusema chumvi ILIMUMUNYIKA, ile ya kumumunya pipi mdomoni, inapungua mpaka inaisha. Mimi naipenda hiyo na kamusi inayo. Lakini kama kitabu chenu cha darasani kinasema iliyeyuka, baki na iliyeyuka na taja ndani ya nini: "chumvi yote iliyeyuka ndani ya maji". Watoto wa darasa la tano wataelewa na hawatachanganya na barafu.

Kibirizi_Maabara

Kipande kimoja kimejaribiwa na kimoja cha kulinganishia. Andika "yalionesha kuwa kipande hicho kilikuwa na wanga". Mkijaribu mihogo kumi ya mashamba tofauti tutaongea tena habari ya kuthibitisha.

MpimaAsali

Na andika iodini ilikuwa na nguvu kiasi gani, kama kwenye chupa pameandikwa. Hilo watu wote wanalisahau.