Ushauri wakuu: wadudu weusi wenye madoa mekundu kwenye minazi, mmoja kamtemea mkwezi wangu jichoni, nipulize dawa?

mwana_boza

Wakuu habari za muda huu, naombeni ushauri wa haraka maana nyumbani hapakaliki. Niko Pangani, nina minazi kama mia na ishirini aliyoniachia marehemu baba, mingi ni ile mirefu ya zamani. Jumamosi tulikuwa tunaangua, mkwezi kapanda mnazi wa nne, kafika kileleni namsikia anasema huku juu kuna mdudu, halafu kimya, halafu akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa yule mzee na ni mtu ananikwelea tangu sijaanza shule. Nikajua nyoka. Akashuka jicho la kulia amelifumba, machozi yanachuruzika, anasema hajang'atwa, ametemewa. Mdudu kamtemea mate jichoni.

Tukamwosha na maji ya ndoo hapohapo shambani. Jicho likavimba likawa jekundu, usiku hakulala, kesho yake likaanza kutulia, leo siku ya tatu anaona ila mwanga unamsumbua bado.

Jana jioni nikapanda mwenyewe, nimevaa miwani ya kuchomelea ya jirani. Nikafunua vilifu, zile nyuzi za kwenye mashina ya makuti, taratibu na tochi, nikawaona watano. Weusi wanang'aa, urefu kama kidole changu cha mwisho kuanzia ncha mpaka kiungo cha pili, mgongoni kwenye mbawa kuna madoa mawili mekundu ya kuiva, kila upande moja. Mdomo ni kama sindano nene iliyokunjwa chini ya kichwa. Mmoja alikuwa amempanda chonga mzima mzima, yule mdudu wetu mwenye pembe anayetoboa minazi, kamkumbatia kwa miguu ya mbele na ile sindano ameichomeka pale shingoni ambapo gamba la kichwa linakutana na gamba la mgongo. Chonga miguu ilikuwa inatikisika kidogo tu. Nikakaa nikimwangalia mpaka mikono ikafa ganzi kwa kujishikilia, wala hakuhama. Pembeni kulikuwa na mwingine mwekundu wote, mwili mzima kama pilipili, sijui ni aina nyingine au ni nini.

Sasa mke wangu anasema tupulize dawa minazi yote kabla hawajashuka kwa watoto. Duka la pembejeo wameshaniuzia chupa, ipo stoo. Na kwenye grupu moja la WhatsApp mtu kaweka picha ya mdudu anafanana na huyu anasema anaambukiza ugonjwa wa moyo. Hawa ni nini wakuu? Nipulize?

nesi_mstaafu

Pole sana mwanangu, na mpe pole mzee. Kabla ya wadudu tuanze na jicho. Hata kama anaona, mpeleke akaangaliwe na mtu wa macho, kwa sababu mwanga kumsumbua siku ya tatu maana yake kioo cha jicho bado kimekwaruzika au kimewaka, na hapo vijidudu vinapata pa kuingilia. Asiweke dawa ya macho ya mtu mwingine, hasa zile za steroidi, wala maziwa ya mama, wala majani yaliyotwangwa, nimeona macho mengi yakipotea kwa hayo na siyo kwa kile kilichoingia mwanzoni.

Siku nyingine ikitokea, ni maji safi mengi, yamwagwe taratibu kutoka upande wa pua kuelekea sikioni, robo saa nzima bila kukatisha, mgonjwa afungue jicho hata kama analia. Hivi hivi tunavyofanya kwa aliyetemewa na swila. Ndoo yenu ilimsaidia sana jueni hilo.

msoma_wadudu

Mkuu usifungue hiyo chupa. Nimesoma mambo ya wadudu na hawa nawapenda kuliko wote kwahiyo nisamehe nikirefusha.

Huyo ni Platymeris. Yuko kwenye jamii kubwa ya kunguni, lakini siyo kunguni wa kitandani, ni kwenye ukoo wa kunguni wawindaji ambao duniani wako aina kama 7,000. Pwani yetu ndiyo kwao kabisa. Na huyo chonga uliyemwona anafyonzwa ndiye adui wa mnazi, Oryctes monoceros, anayetoboa kilele usiku mpaka makuti yanachanua yakiwa yamekatwa kama kwa mkasi, na akilifikia jicho la kukulia mnazi umekwisha. Yaani ulipanda ukamkuta mlinzi wako yuko kazini.

Anavyofanya kazi ni hivi. Hatafuni, hana meno. Miguu ya mbele ina vishada vidogo vya vinywele vinavyonata, ndiyo maana anaweza kumng'ang'ania chonga mwenye gamba gumu linaloteleza. Halafu anatafuta penye ngozi laini, shingoni au kwenye maungio ya miguu, na ulipaona mwenyewe. Anadunga, anapiga sumu. John Edwards alichapisha mwaka 1961 utafiti juu ya mate ya Platymeris rhadamanthus, akaona mende mkubwa akidungwa anaacha kujitikisa ndani ya sekunde chache tu. Ile sumu haiui tu, ina vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama ya ndani ikawa kama mchuzi, kisha anafyonza kwa mdomo uleule. Ukimwokota chonga aliyemalizwa utaona ni mwepesi, gamba tupu.

Na kutema ni kweli kabisa, mzee wako hakukosea kuona. Akitishwa anauinua mdomo anaupiga mate kwa nguvu kuelekea kinachomsogelea, yanafika kama sentimita 30. Sasa fikiria mkwezi anapojivuta kileleni uso wake uko wapi. Mate hayo kwenye ngozi nzima hayafanyi kitu cha maana, lakini jichoni au puani yanaunguza vibaya sana. Kabla ya hapo mara nyingi anatoa onyo, anasugua ncha ya mdomo kwenye mfereji wenye mistari ulio chini ya kifua, inatoka sauti ya kukwaruza. Mwambie mzee akisikia hiyo asogeze uso.

Kitu kingine kilichonishangaza mimi nilipokisoma. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia walichapisha kuhusu ndugu yake mmoja wa huko, Pristhesancus plagipennis, wakakuta tezi yake ya sumu ina vyumba viwili na kila chumba kina sumu yake. Ya chumba cha nyuma ndiyo ya kuwinda, inapooza wadudu. Ya chumba cha mbele anaitoa akibughudhiwa, na hiyo haipoozi wadudu, ni ya kujilinda. Mdudu anachagua.

Yule mwekundu wote siyo aina nyingine. Hawa hawapitii hatua ya buu na bundo kama kipepeo, mtoto akitoka kwenye yai anafanana na mzazi ila hana mbawa, anajivua gamba mara tano mpaka awe mkubwa. Akitoka tu kwenye gamba la zamani anakuwa mwekundu na laini, baada ya saa kadhaa anakauka anakuwa mweusi. Ulimkuta anabadilisha nguo.

mkulima_mafia

Mi naongea kwa yaliyonikuta. Nilipuliza miaka ya nyuma, siyo kwa ajili ya hawa, nilipuliza kwa sababu ya majimoto, wale sisimizi wekundu wa juu ya miti, maana wakwezi walikuwa wanagoma kupanda kwa kung'atwa. Majimoto wakafa wote nikafurahi. Msimu uliofuata vidaka, zile nazi changa, vinapukutika, unaingia shambani asubuhi unavikanyaga, vikiwa na alama kama vya kidonda chenye utomvu. Kumbe kuna kunguni mwingine mwembamba wa rangi ya udongo anafyonza vidaka, na majimoto ndio walikuwa wanamfukuza. Ilinichukua muda mrefu mno majimoto kurudi, mpaka nikaenda kuomba viota vyao kwa jirani nikavibeba na kufunga kamba kutoka mnazi hadi mnazi wapite. Ukipuliza kileleni humchagui wa kumuua.

baba_tatu

Samahani lakini mnaongea kirahisi. Mzee wa watu angepofuka au angeachia akaanguka kutoka mita 15 mngesema nini? Kama mdudu anahatarisha mtu, mtu kwanza. Nampa haki mke wa mleta uzi.

msoma_wadudu

@baba_tatu hapo umesema jambo zito na sikupingi, mtu kwanza. Ila hatari yenyewe iko kwenye jicho, na jicho linazibwa na miwani, ile ya plastiki ya mafundi inayoziba pembeni. Dawa ukiipuliza kwenye mnazi wa mita 15, nyingine inarudi kumwangukia anayepuliza na watoto walio chini, na bado mzee atapanda mnazi ambao hukuufikia vizuri. Kuhusu kung'atwa, ukimshika kwa mkono atakudunga na inauma kuliko nyigu, inavimba, osha kwa sabuni weka kitu cha baridi. Mtu akianza kubanwa kifua au kuvimba uso hiyo ni mzio, akimbizwe hospitali. Lakini hashuki kumtafuta mtoto. Anakaa kwenye vilifu mchana, anatoka usiku kuwinda.

kijana_wa_mbita

Nami niko upande wa ziwa Kenya, huku Mbita tunaye ndugu yake mdogo anaitwa Acanthaspis petax. Mtoto wake akishamfyonza siafu au sisimizi hatupi ganda, analibandika mgongoni kwa utando unaonata, anatembea na rundo la maiti kumzidi yeye mwenyewe. Mara ya kwanza nilidhani ni takataka inapeperushwa na upepo, mpaka nikaona inapanda ukuta. Wakina Jackson na Pollard walichapisha 2007 kwamba buibui warukaji, ambao wanawinda kwa macho, wanamshambulia zaidi yule aliyevuliwa mzigo kuliko aliyeubeba.

Na watu wetu tusiwasahau. Profesa Thomas Odhiambo, huyuhuyu aliyeanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE Nairobi mwaka 1970, mwaka 1959 aliandika kuhusu malezi ya kunguni mwindaji wa jenasi ya Rhinocoris, ambaye dume ndiye anabaki kuyalinda mayai. Dume. Anasimama juu ya mayai kuwazuia vinyigu wanaotaga ndani yake. Mwafrika wa kwetu aliliona hilo kwa kukaa na kuangalia, kama mleta uzi alivyokaa kileleni na tochi.

dada_ughaibuni

Niko Ujerumani, mzaliwa wa Korogwe. Huku watu wanafuga wadudu hawa kwenye vioo kama samaki wa mapambo. Nilienda kwenye maonyesho ya wadudu na wanangu nikakuta boksi limeandikwa Platymeris "Mombo". Nikasimama. Mombo yetu ya njia ya Lushoto! Nikamuuliza muuzaji kama anajua Mombo ni wapi, akasema ni jina tu la aina. Nikamwonyesha kwenye ramani ya simu. Anawalisha mende, na alikuwa amevaa miwani.

mwana_boza

Aisee nashukuruni, sikutegemea. Mzee nimempeleka leo asubuhi, wamempa dawa ya matone na kusema kioo cha jicho kina mkwaruzo mdogo, kitapona. @msoma_wadudu nisaidie mawili. Hili la ugonjwa wa moyo ni kweli? Na kama hawa wanakula chonga mbona bado minazi yangu saba imekufa mwaka jana kwa chonga?

msoma_wadudu

Ugonjwa wa moyo ni Chagas, upo kweli lakini ni wa Amerika ya Kusini na Kati. Carlos Chagas aliugundua Brazili mwaka 1909. Unaenezwa na kunguni wa ukoo huohuo ila tawi linalonyonya damu ya watu usiku, na kimelea hakiko kwenye mate, kiko kwenye kinyesi ambacho mdudu anakiacha karibu na alipodunga, mtu akijikuna anakiingiza. Platymeris hanyonyi damu ya mtu. Mwambie shemeji alale.

La pili ni gumu zaidi na sitakudanganya. Platymeris peke yake hamalizi chonga. Waliwahi kuwachukua kutoka Zanzibar wakawapeleka India na visiwa vya Pasifiki kupambana na chonga wa huko, na huko Pasifiki kilicholeta nafuu kubwa kilikuwa kirusi cha chonga alichokigundua Alois Huger kule Malaysia, kikapelekwa Samoa 1967. Mdudu huyu anazaa polepole, na chonga anazaliana chini, siyo juu. Mama chonga anataga kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye lundo la samadi. Hiyo minazi saba iliyokufa uliiangusha?

mwana_boza

Mitano bado imesimama. Miwili ipo chini nyuma ya zizi.

msoma_wadudu

Hapo ndipo wanapotoka. Pasua hayo magogo utawakuta mabuu meupe manene yamejikunja, wape kuku. Ile mitano iangushe, ichome au ipasue ikauke, na samadi ipinduliwe mara kwa mara. Watu wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Mikocheni, ndio wa minazi, waulize na wao.

mkulima_mafia

Na kwenye minazi michanga jaza mchanga uliochanganywa na majivu kwenye makwapa ya makuti, chonga hapendi kupita pale. Tunafanya tangu enzi za babu.

mwana_boza

Mrejesho wakuu. Tumepasua gogo la kwanza nyuma ya zizi, kwenye urefu wa kama mita mbili tumetoa mabuu 63, mke wangu ndiye aliyekuwa anahesabu, na kuku wamekula mpaka wakawaacha. Chupa nimeirudisha dukani, hawakunirudishia hela yote ila wamenipa jembe. Mzee nimemnunulia miwani ya kuziba pembeni, anasema inaingia ukungu akitoka jasho, tumetoboa vitundu vidogo juu. Leo kapanda mnazi uleule. Alipofika kileleni akaniita nitege sikio, akakifunua kilifu polepole, na mimi nikiwa huku chini kwa sababu ya upepo sikusikia kitu, lakini yeye anasema kaisikia ile sauti ya kukwaruza, na akakirudisha kilifu mahali pake.