Kumpeleka mama na mtoto kwenye pango la mawe ya chokaa

Mama Pili:
Wakuu, habari zenu. Nataka kumpeleka mama yangu, magoti yanamsumbua, pamoja na binti yangu wa miaka 9 kwenye pango la mawe ya chokaa, lile lenye taa na njia ya wageni. Ndani kuna baridi? Viatu gani vinafaa? Halafu nasikia hawaruhusu hata kugusa. Jiwe likiguswa linapungukiwa na nini?

Tochi Mbili:
Dada, mimi huongoza wageni mapangoni, na nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma. Maji ya mvua yakipita udongoni hubeba kabonidioksaidi na kuwa asidi hafifu inayoyeyusha chokaa. Yakifika kwenye dari ya pango, gesi ile hutoka na chokaa huganda, tone baada ya tone. Stalaktiti, yaani jiwe linaloning'inia darini, ya sentimita 10 huenda imechukua miaka 1,000. Mafuta ya kidole yakibaki pale, chokaa mpya haishiki vizuri, na pakiguswaguswa panakuwa peusi. Kuna nguzo ninayoipita kila siku, nyeupe yote isipokuwa usawa wa mikono ya watoto.

Kwa hiyo mweleze binti sababu kabla hamjaingia, na mpe kazi: atafute ncha zenye tone la maji. Hizo huenda bado zinakua.

Baridi inategemea eneo. Ndani kabisa, joto hukaribia wastani wa mwaka mzima wa huko juu. Viatu viwe vya soli isiyoteleza, njia huwa imeloa. Kuhusu mama, piga simu kwanza uulize ngazi. Postojna kule Slovenia wageni hupanda treni tangu 1872, lakini mapango mengi ni kwa miguu tu.

Kisiki:
Kama viatu hivyo vimeshaingia pango jingine, vioshe, na nguo pia. Kuna kuvu linaloua popo, liligunduliwa Marekani mwaka 2006, limeshaua mamilioni, na watu wanaweza kulibeba. Pango la Mammoth Cave, huko huko Marekani, huwapitisha wageni kwenye mikeka ya kusafishia soli.

Mama Pili:
Asanteni sana, nitamweleza. Ila nimesikia taa huzimwa watu wakiwa bado ndani. Mama ataogopa.

Tochi Mbili:
Huzimwa sehemu mliyokwisha kupita, dada. Taa ikiwaka muda mrefu, mwani huota na mawe yanakuwa ya kijani. Lascaux, Ufaransa, lenye michoro ya kale, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi za wageni na mwani vilikuwa vinaiharibu. Mama asikae nyuma ya kundi. Mweke mbele, ubavuni mwa mwongozaji, na umwambie mwongozaji habari ya magoti mapema, ili kundi zima liende kwa mwendo wake.