Upanga wa afisa uliobaki nyumbani kwetu Lamu: mwenyewe alikuwa nani?

MwanaMkomani:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Katika nyumba yetu ya Mkomani upo upanga wa kizungu ambao babu yake baba, aliyekuwa karani wa forodha, aliachiwa na afisa mmoja wa jeshi aliyekuwa akirudi kwao. Ni mrefu, umenyooka, una makali upande mmoja, na mpini wake umevishwa ngozi ya samaki yenye chembechembe na kuzungushwa waya. Kinga ya mkono ni ya chuma, imetobolewa mapambo, na katikati yake mna herufi V na R chini ya taji. Bapani paliandikwa kwamba ni zawadi kwa fulani kutoka kwa maafisa wenzake, lakini jina halisomeki, na mwaka umebaki 189 tu, tarakimu ya mwisho haipo. Sababu naijua: kila mwezi wa Shaabani marehemu bibi aliusugua kwa jivu na ndimu pamoja na masinia yake, na upanga ukang'aa kweli kweli. Nyumbani twaambiwa ulikuwa wa Jenerali Mathews wa Unguja. Sasa kuna mgeni wa hotelini anayetaka kuununua, na kabla sijamjibu nataka kujua mwenyewe hasa alikuwa nani.

FundiWaLangoni:
Waaleikumu salaam. Kwanza, tafadhali usiusugue tena. Maandishi ya panga hizi hayakuchongwa kwa patasi, yalichorwa kwa asidi, na kina chake ni chembamba kiasi kwamba ndimu na jivu vya miaka mingi huyamaliza. Yaliyobaki usiyatafute kwa kitambaa bali kwa mwanga: usiku, zima taa, weka tochi ya simu ubavuni mwa bapa ili mwanga uteleze juu yake, nawe utaona vivuli vya herufi ambazo mchana hazionekani.

Herufi hizo mbili ni za Malkia Victoria, aliyefariki Januari 1901, kwa hiyo upanga haukutengenezwa baada yake. Ungekuwa wa Edward VII ungeandikwa E na R na tarakimu ya saba ya Kirumi. Kinga ya chuma ya namna hiyo waliianza maafisa wa askari wa miguu wa Kiingereza mwaka 1895, kwani kabla ya hapo ilikuwa ya shaba yenye matundu kama madirisha ya kanisa. Tena mwaka 1897 waliikunja chini ile kingo ya upande wa ndani, kwa sababu ilikuwa ikikwaruza nguo za afisa. Pitisha kidole pale utuambie.

Halafu geuza upanga uangalie mgongo, si bapa, karibu na mpini. Kama ulitoka kwa Wilkinson wa London, huenda pana namba ya mfululizo, na leja za kiwanda hicho zinazoonyesha kila namba iliuzwa kwa nani zimesalia, ingawa panga zenyewe waliacha kuzitengeneza mwaka 2005. Angalizo moja: leja huandika mnunuzi, na kwa upanga wa zawadi mnunuzi aweza kuwa mmoja wa waliochanga fedha, si aliyepewa.

MwalimuMstaafu:
Hadithi ya Mathews nimeisikia Lamu katika nyumba zaidi ya moja, na kama kila nyumba ingesadikiwa, mzee huyo angekuwa na panga za kujaza jahazi. Lloyd Mathews hakuanzia jeshi la nchi kavu. Alikuwa luteni wa wanamaji katika manowari London iliyokaa Unguja kuzuia biashara ya watumwa, na mwaka 1877 Seyyid Barghash ndiye aliyemkabidhi kuunda jeshi la mtindo wa Kizungu. Upanga wa afisa wa wanamaji wa Kiingereza una nanga na taji kwenye kinga, na kwa kawaida kichwa cha simba mwishoni mwa mpini. Huu wako hauna hata kimoja. Tena mwaka 1891 alifanywa waziri wa kwanza wa Sultani, akafia huko huko Unguja Oktoba 1901. Hakurudi kwao na kumwachia karani upanga.

Mimi ningemtafuta miongoni mwa maafisa wa askari wa miguu waliopita pwani hii baada ya Uingereza kutangaza himaya yake Julai 1895. Vita vya Mbaruk bin Rashid wa Gazi, vya 1895 na 1896, vilileta maafisa wengi, wakiwemo waliotoka India na vikosi vyao.

MwanaMkomani:
Shukrani, Mwalimu, nawe Fundi. Kingo ya ndani imekunjwa chini, kidole chateleza bila kukwaruzika. Mgongoni kuna namba ya tarakimu tano. Ya kwanza ni 3, ya mwisho imeliwa na kutu. Kwa tochi nimeona pia herufi kubwa M mwanzoni mwa jina, lakini sitaki kujidanganya kwamba ni ya Mathews.

FundiWaLangoni:
Basi ni kati ya 1897 na 1899, na vita vya Mbaruk vilikuwa vimekwisha. Kutu hiyo iloweshe kwa mafuta mepesi ya cherehani siku mbili, uifute kwa pamba. Usitumie msasa.

MwanaShela:
Kuhusu mgeni wa hotelini: sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Wako umeukosa mstari huo kwa miaka michache, lakini afisa wa forodha uwanja wa ndege hatapapasa kingo kwa kidole. Upeleke Makumbusho ya Lamu hapo ufukweni waukague kabla hujapokea hata shilingi.

MwanaMkomani:
Nitaupeleka Jumatatu. Mgeni nimemwambia asubiri hadi tarakimu ya tano isomeke.