Kongwa sio kichekesho cha karanga, tumechoka!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kila anayejifanya kuijua historia ya Kongwa, huku Dodoma, anaanza na karanga, anacheka, anaishia hapo. "Ardhi mbovu ile, hata Mwingereza alishindwa." Kwa hiyo kosa ni la ardhi?

Wagogo walikuwepo na ng'ombe wao, mtama wao na uwele wao kabla ya huo mpango wa Mwingereza wa kulima karanga. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na katikati inakata inavyotaka. Ndiyo maana watu walifuga! Mwaka 1947 Uingereza, ina uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ikaja na matrekta, baadaye hadi vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Lengo la mwaka wa kwanza: ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Jua likawaka, mfinyanzi ukawa tofali, karanga zikawa hazing'oki. Vibarua nao waligoma mwaka huohuo, lakini hilo hamlisimulii, mnasimulia matrekta tu. 1951 wakaufuta mpango, pauni kama milioni 36 zimeteketea, wakasepa. Hata ile reli ya mpango, ya kutoka Msagali kuja Kongwa, iling'olewa baadaye.

Halafu mnafunga kitabu. Na ng'ombe je? Maeneo yaliyoikataa karanga yakageuzwa ranchi. Ng'ombe aina ya Boran wakanenepa, na mpaka leo ranchi ya taifa ipo, kituo cha utafiti wa malisho kipo. Yaani mamilioni yote yale yalitumika kufika palepale Mgogo alipokuwa amesimama na fimbo yake. Na mnaosema hakuna kinachoota, nendeni soko la Kibaigwa, humuhumu Kongwa, wakati wa mavuno mkahesabu malori ya mahindi.

Bado kambi ya wapigania uhuru iliyokuwa hapahapa Kongwa. FRELIMO wa Msumbiji walifika 1964, Samora Machel akiwemo, kisha ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia na wengine. Hapo napo husimuliwa utadhani kambi ilikuwa jangwani. Walioishi nao jirani, waliooleana nao, hawatajwi!

Wazee waliofanya kibarua kwenye hayo mashamba wanaisha. Mwenye babu au bibi aliyekuwepo amwage hapa: alifanya kazi gani, alilipwa nini, ng'ombe wao walihamishiwa wapi. Wale wa "ardhi mbovu" pita kushoto, uzi huu hauwahusu.