Darasa la pili wanaimba silabi lakini hawasomi: walimu wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) naombeni ushauri

Ticha_Tandahimba
Habari za jioni walimu wenzangu na wazazi. Nipo shule ya kijijini huku Tandahimba, mkoani Mtwara. Siku zote nilikuwa madarasa ya juu, mwaka huu mwalimu mkuu kanikabidhi darasa la pili. Watoto wanazidi tisini chumba kimoja.

Shida ni hii. Nikiandika ba be bi bo bu, darasa zima linaitika mpaka mabati yanatetemeka. Ukipita nje utasema hapa kuna wasomaji. Nikifuta, nikaandika "bo" peke yake na kumsimamisha mmoja, anaanza chini chini "ba, be, bi..." kwa vidole mpaka aifikie. Nikiweka "bo" na "do" pamoja ndiyo basi tena. Neno "mkorosho", na mti wenyewe upo hapo dirishani, wanaliweza wachache sana. Kwenye imla napata "mukorosho", "mutoto", na "chiti" badala ya kiti. Nyumbani wengi ni Kimakonde tupu.

Oktoba msimu wa korosho ukianza mahudhurio mnayajua, na upimaji wa KKK unatusubiri. Nirudi kwenye herufi au niende na muhtasari wa masomo hivyo hivyo?

Mstaafu_Masasi
Mwalimu, hao wamekariri wimbo. Kila mmoja anadandia sauti ya mwenzake, na wewe ukiwa mbele huwezi kujua nani anasoma na nani anafungua mdomo tu.

Rudi nyuma, tena bila aibu. Anza na irabu tano, lakini zichanganye: leo o, a, u, kesho i, e. Halafu chukua konsonanti zinazovutika mdomoni: m, n, s, l. Unaweza kusema "mmmm" ukaivuta mpaka ikutane na "a", mtoto akasikia kwa masikio yake "ma" inavyozaliwa. Jaribu kuivuta "b" au "t" uone, haivutiki, ndiyo maana nyingi tunazitamka "bu" na "tu" na mtoto anaunganisha "bu-a". Kwa herufi hizo nne na irabu tayari una lima, soma, sema, simu, nani, maneno, salama. Mtoto akisoma neno analolijua maana wiki ya kwanza, hutamkimbiza tena.

Na usifundishe jina la herufi kwanza. Akijua hii ni "be", atakusomea "be-a-be-a" badala ya "baba".

Korosho_Ghafi
Sisi tuliimba hizo hizo ba be bi bo bu, fimbo mkononi mwa mwalimu, na leo tunasoma magazeti. Watoto wa siku hizi mnawadekeza.

Mstaafu_Masasi
Ndugu yangu, wale mliokuwa nao dawati moja wakaishia darasa la nne, nao wanasoma magazeti?

Madamu_Nachingwea
Shikamoo mwalimu mstaafu. Naongezea, maana nami nina darasa kubwa.

Ticha, kwanza wapime mmoja mmoja. Andika mstari mmoja wa silabi zilizovurugwa na maneno mawili matatu, ita watoto kumi kila siku wakati wengine wanaandika. Ndani ya wiki mbili umewamaliza. Wagawe makundi matatu: wasiojua herufi, wanaojua silabi lakini hawaungi, na wanaosoma. Usiyaite majina ya aibu, mimi nimewapa majina ya miti.

Kadi kata kwenye maboksi ya dukani, andika kwa makapeni, silabi moja kila kadi. Mwaga mezani, kundi litafute "so" na "ma". Hapo hakuna kuimba kwa mpangilio, maana mpangilio haupo.

Hiyo b na d, usizifundishe wiki moja. Maliza b, pitisha herufi nyingine kadhaa, ndipo ulete d. Na mkono uanze tofauti: b inaanza na mti halafu tumbo, d inaanza na tumbo halafu mti. Waandike mchangani kwa kidole kwanza, mchanga hauna gharama na daftari haliishi.

Marudio hayo yaingize kwenye azimio la kazi, ule mpango wako wa kufundisha, na mwalimu mkuu asaini. Wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wakija wakute maandishi, siyo maelezo ya mdomo.

Mmakonde_wa_Newala
Hiyo "chiti" isikuumize kichwa. Kimakonde tunasema chi pale Kiswahili kinaposema ki, mtoto anaandika anachosikia nyumbani, na hilo lenyewe linaonyesha masikio yake yanafanya kazi. Usimcheke mbele ya wenzake. Mpe kiti, kisu, kikombe, kitanda kwa pamoja, mpaka aone kwamba shuleni ki ndiyo inayorudi rudi.

"Mutoto" tumia makofi. M-to-to, matatu, na m inapigiwa kofi lake peke yake bila irabu. M-ko-ro-sho, manne. M-twa-ra, matatu. Halafu walete mbe-gu, mawili tu, wasikie kuwa m hapo imeshikana na b. Watoto wangu walilipenda hili kuliko mpira, na kelele zake zinasaidia kitu.

Ticha_Tandahimba
Asanteni sana. Mzee wa Masasi, shikamoo. Kesho naanza na m na s. Swali lililobaki: hao wanaosoma tayari niwape nini, wasije wakanivurugia darasa?

Mstaafu_Masasi
Marahaba. Wape vitabu. Mradi wa kusoma wa Tusome Pamoja ulipita mkoa wetu wa Mtwara, shule nyingi zilipata vitabu vidogo vya hadithi. Uliza ofisini kwenu.

Madamu_Nachingwea
Na wakimaliza kusoma, uliza nani alifanya nini na kwa nini. Kuna watoto wanatiririka kama redio, ukiuliza hadithi inahusu nini wanakukodolea macho.

Ticha_Tandahimba
Nimeviona! Vipo kabatini, bado vina nailoni. Ufunguo anao mwalimu mkuu, yupo kikaoni wilayani mpaka Alhamisi.

Mstaafu_Masasi
Mpigie simu leo. Ukisubiri Alhamisi atakwambia atavihesabu kwanza.