Mrejesho: lifti ya nyumbani yenye vituo vitatu

Wadau, niliuliza nichukue lifti ya haidroliki (inayosukumwa na mafuta ya pampu) au ya kamba kwa nyumba mpya hapa Dar, ambayo mama atapanda akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Asanteni sana kwa michango. Nimechukua ya kamba isiyo na chumba cha mashine, ya kubeba kilo 630.

Kilichoamua ni kiti. Kabini ya lifti hii ni sm 110 kwa 140, mlango sm 90, hivyo kiti kinaingia na msindikizaji nyuma yake. Pia ina uzito wa kusawazisha unaoning'inia upande wa pili wa kamba, kwa hiyo mota haibebi mzigo wote peke yake kama pampu ya haidroliki inapopandisha.

Unayejenga, pata mchoro wa muuzaji kabla ya kumwaga zege la msingi. Shimo langu la chini ya lifti lina kina cha m 1.4, na kutoka sakafu ya ghorofa ya juu hadi slabu iliyo juu yake ni m 3.8. Dondosha timazi kila kona ya njia ya lifti, kutoka juu mpaka chini: ukuta ukiingia ndani hata sm 3, reli zinazoongoza kabini zinakosa nafasi, na kuchonga zege baadaye ni kazi nzito mno. Shimo lizibwe maji vizuri. Ya masika yakiingia, bafa (vizuizi vya kupokea kabini chini ya shimo) zinashika kutu na swichi za usalama zinakufa.

Usikose betri ya uokoaji, ya kufanya kazi umeme ukikatika. Kabla ya kumaliza malipo, zima swichi kuu ya umeme wa nyumba kabini ikiwa katikati ya ghorofa mbili: lazima ijisogeze hadi kituo cha karibu na kufungua mlango.