Mtutu mpya kwa Mauser ya .30-06: nibaki na kaliba ile ile au nihamie 9.3x62?

Muulizaji (Nyegezi, Mwanza)

Ndugu wawindaji na mafundi, salaam. Nina bunduki ya kuwindia aina ya Mauser, mfumo wa 98 (muundo wa mwaka 1898), kaliba (aina na kipenyo cha risasi) ya .30-06, iliyokuwa ya marehemu baba na ambayo sasa naimiliki kwa leseni yangu mwenyewe baada ya taratibu zote za polisi kukamilika. Kwa miaka kadhaa ilikaa katika kabati la chuma, ndani ya ala ya ngozi, katika nyumba yetu iliyo karibu kabisa na ziwa, na nilipoitoa nikakuta imeshika kutu. Kutu ya nje ilitoka kwa mafuta na kitambaa. Ndani ya mtutu, nikimulika kwa tochi, naona vishimo vyeusi kuanzia karibu na chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, hadi kama theluthi ya urefu wake. Msimu uliopita nilipiga shabaha ya mita 100 nikiwa nimeegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, na risasi tano zikatawanyika kwa upana wa kiganja kilichokunjuliwa, ilhali mzee alikuwa akiziweka zote ndani ya duara la kikombe cha kahawa.

Kwa kuwa nitalazimika kubadilisha mtutu, najiuliza kama nibaki na .30-06, au nihamie 9.3x62 (kipenyo cha milimita 9.3, ganda la urefu wa milimita 62) ambayo wenzangu wawili wanaisifu sana, au nifike hadi .375 H&H ili siku nikipata kibali cha nyati niwe tayari. Ninachowinda ni swala pala, pongo na ngiri, na mara moja moja pofu, katika vichaka ambamo ni nadra kupiga zaidi ya mita 150.

Fundi mstaafu (Igoma)

Ndugu yangu, pole kwa msiba wa mzee, na pole kwa bunduki. Kabla hujahukumu mtutu, nakuomba uusafishe upya kwa utaratibu ninaoueleza, kwa sababu nimewahi kuona mitutu ikitupwa ambayo ilikuwa na uchafu tu. Shaba inayobaki kutoka kwenye ngozi ya risasi hujipanga juu ya kutu na kuifunika, na dawa ya kawaida ya kusafishia haiitoi. Inahitajika dawa maalumu ya shaba, itumike mara kadhaa kwa siku mbili au tatu, mpaka kitambaa kitoke bila rangi ya kijani au buluu. Kagua pia mdomo wa mtutu, pale risasi inapoachana na chuma. Mkwaruzo mdogo upande mmoja wa mdomo unatosha kutawanya risasi, na fundi mwenye mashine ya kukereza anaweza kukata sentimita moja au mbili na kuutengeneza upya kwa gharama ndogo kuliko ya mtutu.

Lakini maelezo yako ya vishimo karibu na chemba yananipa wasiwasi. Mwindaji anayepiga risasi 20 kwa mwaka hawezi kumaliza mtutu wa .30-06 kwa kuutumia, maana mtutu huo huvumilia maelfu ya risasi. Kinachouua ni kutu, na hasa kutu inayotokana na risasi za zamani za kijeshi, ambazo fataki zake (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) ziliacha chumvi ndani ya mtutu kila zilipopigwa. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na hewa yetu ya kando ya ziwa ina unyevu wa kutosha. Watu wengi walipiga risasi hizo, wakapaka mafuta, wakaamini wamesafisha, kumbe chumvi haiyeyuki katika mafuta. Huyeyuka katika maji ya moto, na baada ya maji ndipo hukaushwa na kupakwa mafuta. Ala ya ngozi nayo ni adui, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu na kuulaza juu ya chuma usiku na mchana.

Kuhusu kaliba, anza na uso wa bolti, yaani kipande cha chuma kinachosukuma risasi ndani ya chemba na kuifungia humo, kwa sababu ndio unaoamua. Risasi za .30-06, 7x57, 8x57 na 9.3x62 zote zina kitako cha ganda chenye kipenyo cha karibu milimita 12, hivyo bolti yako inazipokea bila kuguswa. Ganda la .375 H&H lina mkanda na kitako chake ni milimita 13.5, na risasi nzima ina urefu wa takriban milimita 91, wakati ya .30-06 haifiki 85. Ili kuiingiza ndani ya Mauser ya urefu wa kawaida ni lazima kupanua uso wa bolti, kurekebisha ndoano inayovuta ganda, kurefusha magazini (kisanduku cha risasi) na kupunguza chuma mahali ambapo bolti hujifungia. Zipo Mauser zilizofanyiwa kazi hiyo vizuri, lakini mimi siipendi, kwa kuwa chuma kinachoondolewa ndicho kinachobeba nguvu ya mlipuko. Mwenye kutaka .375 atafute bunduki iliyozaliwa .375.

Mwindaji (Magu)

Naungana na mzee kuhusu .375, lakini nataka kuitetea 9.3x62, kwa kuwa nimeitumia kwa misimu mingi. Risasi hii ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, makusudi kabisa ili iingie ndani ya Mauser 98 ya kawaida bila kubadilisha chochote isipokuwa mtutu, na walioitaka hasa walikuwa wakulima na wawindaji wa Afrika waliohitaji bunduki moja ya bei nafuu kwa kazi zote. Inarusha risasi ya gramu 18.5 kwa mwendo wa mita 720 hivi kwa sekunde, wakati .30-06 hurusha gramu 11.7 kwa mita 820 hivi. Katika vichaka unavyovieleza, tofauti ya mwendo haina maana kubwa, ila uzito una maana. Pofu dume ni mnyama mkubwa kuliko ng'ombe wa kwetu, na nimeona jinsi risasi nzito inavyopita bega na kutokea upande wa pili, ikaacha damu ya kufuatilia. Ngiri naye haharibiki nyama kama anavyoharibika kwa risasi nyepesi yenye mwendo mkali. Teke lake bila shaka ni zito zaidi, ingawa linasukuma bega kuliko kulipiga.

Msomaji (Ilemela)

Naomba nikumbushe jambo ambalo halijaguswa. Leseni ya bunduki hutaja aina ya silaha, namba yake na kaliba yake. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mtu akibadilisha kaliba kwanza ndipo aende polisi, anakuwa na silaha ambayo hailingani na leseni, na hata duka la risasi halitamuuzia risasi za kaliba ambayo haijaandikwa. Ruhusa itangulie, mtutu ufuate, na kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni.

Aidha, anayeichagua 9.3x62 kwa sababu ya nyati afikirie upya. Milimita 9.3 ni sawa na .366 ya inchi, na wanaoongoza uwindaji wa nyati hapa nchini huanzia .375. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini mkaguzi husoma namba iliyogongwa juu ya mtutu.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimefuata utaratibu wa mzee wa Igoma kwa siku tatu. Kitambaa kilitoka kijani siku mbili za mwanzo, na siku ya tatu kikatoka kikavu na safi, lakini vishimo vimebaki na vingine vinakwaruza kitambaa kinapopita. Mtutu huu umekwisha. Swali langu la mwisho ni hili: je, mtutu ulioandaliwa kiwandani, ambao tayari una chemba na nyuzi za skrubu za kufungia, unaweza kufungwa tu na kutumika? Pia, ndani ya kopo la marehemu baba nimekuta risasi zilizochanganyika, baadhi zikiwa na kichwa kinene kidogo kuliko za kwangu.

Fundi mstaafu (Igoma)

Usipige hata moja ya hizo. Soma maandishi yaliyogongwa chini ya kila ganda, na usiyoweza kuisoma uiweke kando. Inawezekana ni 8x57, yaani risasi ya Mauser ya asili, ambayo ganda lake ni fupi na huweza kuingia ndani ya chemba ya .30-06 na bolti ikafunga, lakini kichwa chake kina milimita 8.2 na mtutu wako unakubali 7.8. Risasi inayolazimishwa kupita mahali pembamba hupandisha mgandamizo, na uso wa mpigaji uko sentimita chache nyuma ya bolti. Zipeleke polisi wakati unapokwenda kwa ajili ya leseni, uzikabidhi.

Kuhusu mtutu wa kiwandani, hapana, haufungwi tu. Kila bunduki ina tofauti ndogo ndogo, na nafasi kati ya uso wa bolti na mahali ganda linapoegemea ndani ya chemba ni lazima ipimwe kwa vipimo viwili vya chuma, bolti ifunge juu ya kimoja na ikatae kufunga juu ya kingine. Nafasi ikizidi, ganda hunyooka na kupasuka karibu na kitako. Mwambie fundi akuonyeshe vipimo hivyo kwa macho yako, na asipokuwa navyo, tafuta mwingine. Ukichagua 9.3x62, mtutu utakuwa mnene zaidi, hivyo mti wa kitako (sehemu ya mbao ya bunduki) utachongwa na kuimarishwa nyuma ya nundu inayopokea teke, la sivyo utapasuka. Ukibaki na .30-06 unene ule ule, mti hauguswi sana.

Ukiniuliza mimi, kwa swala pala, pongo na ngiri, na pofu wa mara moja moja, ningebaki .30-06 na kuchagua risasi ya gramu 11.7 au 13 yenye kichwa kigumu.

Muulizaji

Nimekubali, nabaki .30-06. Ndugu wa Magu amenishawishi kuhusu pofu, na kwa ajili hiyo nitanunua risasi za gramu 13. Kopo la marehemu baba nimelifunga kwa utepe, na Jumatatu nitalipeleka kituoni pamoja na leseni, kabla ya kuagiza mtutu. Ala ya ngozi nimeitoa kabatini.